Gauni la Kumridhisha Kila Mtu

Mama Pindo hakujua kusema hapana. Si kwamba hakutaka. Neno lenyewe lilimkwama kooni kama mfupa wa samaki, na badala yake likatoka "ndiyo" laini, lenye tabasamu, kabla hata anayeuliza hajafika mwisho wa swali. Ukimwomba suruali iwe tayari kesho asubuhi, ndiyo. Ukimpa kitambaa cha shati ukataka kitoe shati na kaptura ya mtoto, ndiyo. Hata mume alimpata hivyo hivyo. Enzi za usichana wake, kijana mmoja fundi redio aliingia dukani kwake na koti lililochanika kwapa, akaanza, "Dada, unaonaje kama..." Akajibiwa ndiyo. Maskini kijana alitaka tu kuuliza kama koti linaweza kushonwa huku amelivaa. Lakini alikuwa mtu wa utani na mwenye macho. Akamtazama yule msichana vizuri, akalibadilisha swali papo hapo.

"Hapana yako," mume huyo alipenda kumwambia, "mkunga aliikata pamoja na kitovu."

Duka lao lilikuwa chumba kimoja, mtaa wa nyuma ya hospitali. Mbele palikaa cherehani mbili, moja ya kazi na nyingine ya kung'olewa vipuri, pamoja na kioo kirefu chenye ufa uliompa kila mteja shingo mbili. Nyuma ya pazia palikuwa na meza ya mume, imejaa matumbo ya redio na waya zinazoning'inia. Jina la Mama Pindo lilitokana na kazi yake. Akikunja pindo la suruali, huwezi kujua uzi umeanzia wapi na umeishia wapi, hata ukilishika ukaligeuza mbele ya dirisha. Watu walivuka mitaa kuja kwake. Wakifika wanaahidiwa kila kitu, halafu mama wa watu anashona mpaka mgongo unakataa kunyooka.

Balaa lilianzia hospitali, na aliyelianzisha alikuwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia mpaka akastaafu, kisha akalazwa kwa mawe ya figo, ugonjwa uliomfaa kabisa mtu wa fani yake. Siku ya kwenda kupigwa picha alivalishwa gauni la hospitali, lile la kufungwa kamba moja shingoni na kuachwa wazi nyuma nzima, akaambiwa atembee mwenyewe hadi mwisho wa korido. Korido ilipita katikati ya ukumbi wa kusubiria. Pale kwenye benchi, wamevaa nguo zao za heshima na kikapu cha matunda magotini, walikuwa wameketi wakwe zake, baba na mama wa mke wa mwanawe, wamekuja kumjulia hali.

"Niliwasalimu vizuri," Mwalimu alimsimulia Mama Pindo baadaye, mkono umeshika tama. "Nikainama kwa adabu. Tukaulizana habari za nyumbani. Mbele nilikuwa mtu mzima na heshima zangu. Halafu nikaaga, nikageuka. Mama Pindo, kusini kote kulikuwa peupe!"

Mkwe wa kike aliachia kikapu, maembe yakatawanyika sakafuni. Mkwe wa kiume aliinua uso juu akaanza kuisifu rangi ya dari, na akaendelea kuisifu mpaka Mwalimu alipotoweka kwenye kona.

Tangu hapo Mwalimu hakutulia. Alipotoka tu alizunguka wodi kwa wodi akiwauliza wagonjwa kama wao pia wana wakwe. Akapiga kelele mpaka akaingizwa kwenye kamati ya hospitali kama mwakilishi wa wagonjwa, na kikao cha kwanza kikaamua magauni mapya yashonwe. Mama Pindo akaitwa.

Alikuta watu watano wamekaa ofisini kwa msimamizi wa hospitali kwenye viti visivyofanana hata viwili, wote wanazungumza kwa wakati mmoja. Kabla hajajua nani ni nani, alikuwa ameshasema ndiyo kwa wote. Mwisho wakakubaliana jambo moja dogo: gauni lifungwe nyuma. Alete la mfano Jumatatu ijayo. Mama Pindo akarudi dukani anatabasamu. Kushona gauni lililofungwa nyuma ni kazi ya kufanya huku unaimba.

Angeimba, kama wangemwacha.

Wa kwanza kuja dukani alikuwa daktari wa upasuaji. Huyu mtu alikuwa na mikono myepesi kiasi kwamba wagonjwa waliamka wakiuliza ataanza lini. Hapakuwa na tumbo lililowahi kumshinda. Ila nyuso za watu hazikukaa kichwani mwake hata kwa gundi; yeye aliwajua watu kwa viungo. Alipoingia alimpita Mwalimu mlangoni bila salamu, na Mwalimu, aliyekuwa amempelekea Mama Pindo mchoro wa kola, ikabidi anyanyue shati na kuonyesha ubavu wake.

"Aaa! Figo ya kushoto!" daktari akashangilia, akampa mkono. "Za siku nyingi? Ya kulia haijambo?"

Kisha akamgeukia Mama Pindo, akaongea na shingo yake. "Mama, kitu kidogo tu. Likifungwa nyuma, mimi nitafikaje kwa mgonjwa? Niwekee vidirisha. Kimoja tumboni, kimoja kifuani, cha ubavuni, cha mgongoni. Vya kufungua na kufunga. Wewe weka tu, mimi nitavijua."

"Ndiyo, Daktari."

Mwalimu alibaki nyuma na mchoro wake. Alitaka kola kama ya shati, kwa maelezo kwamba mgonjwa asiye na kola hasikilizwi na mtu. Alitaka mfuko wa miwani, mfuko wa redio ndogo, na mfuko wa siri.

"Wa siri wa nini, Mwalimu?"

Mwalimu akaangalia kushoto na kulia. "Wa dawa. Wakinipa vidonge viwili, nameza kimoja. Cha pili naweka akiba."

"Na daktari anajua?"

"Ah, yule ana kazi nyingi. Akiniuliza naumwa wapi, namwambia sijambo. Mtu mwenye kazi nyingi vile utamsumbua na maumivu?"

Mumewe Mama Pindo alikohoa nyuma ya pazia, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Sista Mkuu hakuja kwa kubisha. Alikuwa muuguzi kiongozi, na katika wodi yake hata nzi hakutua bila kuomba ruhusa. Alijua nani amekunywa uji na nani amejifanya amekunywa. Tatizo lake ni kwamba hakumwamini binadamu mwingine yeyote kufanya lolote. Funguo zote za stoo alizivaa shingoni, na alipokwenda likizo alikwenda nazo, wodi nzima ikalalia magodoro matupu mpaka aliporudi akiwa amenawiri.

"Nasikia vifungo," alisema, amesimama katikati ya duka. "Mimi sina muda wa vifungo. Mkono mmoja unapima homa, mwingine unavalisha. Gauni livalike kwa mkono mmoja na livulike kwa kuvutwa mara moja. Sawa?"

"Ndiyo, Sista."

Mama Pindo akaweka utepe wa kunata kuanzia bega mpaka mapajani. Ulishika vizuri sana, ila kuubandua kulitoa mlio kama bati linalochanwa. Mumewe aliposikia mara ya kwanza alidhani spika imepasuka.

Msimamizi wa hospitali alikuja Ijumaa akizungusha macho dukani kama anayetafuta taa ya kuzima. Haki yake apewe: bila yeye hospitali ile ingekuwa uwanja wa mbuzi. Umeme ukikatika, jenereta ilinguruma kabla hujamaliza kulalamika. Paa halikuvuja, maji hayakukosekana. Lakini alikuwa mkono wa birika wa kutisha. Sabuni za kunawia alizikata slesi kama mkate.

"Mama, hili gauni linafika wapi?"

"Chini ya goti, Bwana Msimamizi."

"Goti linaumwa?"

"Haliumwi."

"Basi kwa nini tulifunike? Punguza hapo kiganja. Punguza na kiganja kingine, tupate la watoto." Naye akajibiwa ndiyo, akatoka amefurahi, na mlangoni akaokota kipande cha uzi akakitia mfukoni.

Wa mwisho alikuwa Bwana Bima. Huyu alitoka shirika la bima lililolipia matibabu ya watu wengi pale, na kwa uaminifu hakuwa na mfano. Ndiye aliyewahi kuikamata kliniki iliyodai imemng'oa mzee mmoja meno arobaini na moja. Wezi walimwogopa kuliko polisi. Lakini kitu kisipokuwa na jina ndani ya kitabu chake kinene, kwake kitu hicho hakikuwapo duniani. Aliketi kwenye kigoda, akafungua kitabu magotini, akapitisha kidole.

"Gauni sioni," akasema kwa huzuni ya kweli. "Nguo hatugharimii. Tunagharimia vifaa vya tiba. Je, hili gauni lako linaweza kuwa kifaa?"

"Kifaa cha namna gani?"

"Chochote kinachopima kitu."

Mama Pindo alitaka kusema kwamba gauni halipimi. Alifungua mdomo kabisa. "Ndiyo," mdomo ukasema.

Ndiyo maana gauni lile likashonewa tepu ya kupimia, ya manjano, kuzunguka kiuno.

Jumamosi jioni lilikuwa tayari, na mumewe akaombwa alijaribu mbele ya kioo. Lilikuwa na kola. Lilikuwa na mifuko, na mfuko wa siri ulioonekana kuliko yote kwa sababu palikosekana mahali pa kuuficha. Lilikuwa na vidirisha mbele, nyuma na pembeni, kila kimoja na kijikamba chake. Liliishia juu kabisa ya magoti. Mume alijitazama, shingo zote mbili.

"Mke wangu," akasema taratibu, "nafanana na kabati lililoangushwa kwenye ngazi."

"Ni baya?"

"Si baya. Nikipatwa na njaa humu ndani kuna mahali pa kupitishia chakula."

Mama Pindo hakucheka. Tangu mchana tumbo lilikuwa linamsokota kuzunguka kitovu, akalisingizia uchovu. Jumapili asubuhi, akiwa anapiga pasi vile vidirisha kimoja kimoja, maumivu yakahama yakaja upande wa kulia, yakakaa hapo na kuchimba. Alishika meza. Jasho likamtoka. Mumewe akamwambia twende hospitali sasa hivi, naye akajibu ndiyo, lakini akaendelea kupiga pasi mpaka pasi ikanyang'anywa mkononi.

Teksi siku ile haikuonekana. Mume akatoa toroli lake la kubebea spika, akatandika blanketi, akampakia mkewe na kumsukuma mtaani huku gurudumu moja linalia kama panya. Mama Pindo alikuwa amekumbatia kifurushi cha gauni kifuani.

"Liache hilo!"

"Nimewaahidi," akasema, meno yameumana.

Sista Mkuu aliwapokea mlangoni, akamlaza kitandani kwa mikono yake mwenyewe baada ya kuwafukuza wauguzi wawili waliotaka kusaidia. Daktari akaja, akabonyeza tumbo, akaachia ghafla. Mama Pindo akapiga yowe.

"Kidole tumbo," daktari akasema, uso umemchangamka kama aliyekutana na rafiki. "Kimevimba. Kinatolewa leo hii."

"Daktari," mume akasema, maana utani ulikuwa ndiyo njia yake ya kuogopa, "huyu ni fundi. Anahitaji vidole vyote."

"Mvalisheni gauni," daktari akaagiza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Magauni hayakuwapo. Msimamizi, aliposikia la mfano linakuja Jumatatu, alikuwa ameyakata yale ya zamani yote na kuyafanya matambara ya kudekia. Sista Mkuu alisimama katikati ya wodi, anatazama dekio lililoegemea ukuta, na kwenye dekio ile kamba ya shingoni bado inaning'inia. Kisha macho yake yakaangukia kifurushi.

Alimvalisha Mama Pindo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anapima presha. "Mmeona?" akawaambia wodi nzima kwa ushindi. "Mkono mmoja!"

Daktari akavamia vidirisha vyake. Akafungua cha kwanza, akakuta mfuko. Akafungua cha pili, akabonyeza.

"Hapa panauma?"

"Hapo ni kwapa, Daktari."

Akaingiza mkono kwenye cha tatu, na Sista Mkuu, aliyekuwa anatafuta kifua, akaingiza wake upande wa pili. Mikono ikakutana ndani, gizani, ikashikana, kila mmoja akidhani amempata mgonjwa.

"Mapigo yako juu sana," Sista akasema.

"Hayo ni yangu," akajibu daktari.

Msimamizi alikuwa amekuja kuona zogo ni la nini. Alisimama miguuni pa kitanda akalipima gauni kwa jicho. Mama Pindo alikuwa mwanamke mrefu, na pindo lilikuwa linapigania heshima yake kwa nguvu zote. "Mama, pole sana," akasema. "Ila hapo naona bado pana kiganja."

Bwana Bima akafika na kitabu kwapani; siku za mapumziko alipenda kupita hospitali kuangalia kama kuna udanganyifu. Akainama, akasoma tepu ya kiunoni, akaandika. "Kifaa ni kizuri," akakubali. "Lakini hakijasajiliwa. Na kama kifaa hakijasajiliwa, aliye ndani ya kifaa naye sijui nimwandike yuko wapi."

"Yuko kitandani!" mume akafoka. "Si unamwona?"

"Namwona mimi. Kitabu hakimwoni."

Mwalimu naye akaja mbio, habari zilimfikia nyumbani. Alikuwa na uchungu wa kweli kwa Mama Pindo na machozi yalimlengalenga. Lakini alipoliona gauni, mwili ukamsisimka. "Mama Pindo, pole, Mungu akuponye. Hebu geuka kidogo tu, nione kusini."

"Ndiyo, geuka kidogo, kuna kidirisha huku," daktari akasema.

"Usigeuke, napima," akasema Sista.

"Akigeuka mvute na pindo," Msimamizi akasema.

"Asitikisike, tepu inasogea," Bwana Bima akasema.

Mama Pindo alikuwa amelala kati yao, tumbo linawaka. Aliwatazama mmoja mmoja. Kitu kilianza kupanda kutoka chini kabisa, kikapita pale panapouma, kikapita kifuani, kikafika kooni kwenye ule mfupa, kikausukuma.

"HAPANA!"

Ilitoka nzito, kama ya mtu mwingine. Dekio likaanguka. Kwenye kitanda cha pili, mzee aliyekuwa amelala tangu asubuhi akaamka akaomba msamaha. Na Mama Pindo, kwa mikono yake miwili, akashika utepe wa kunata akaubandua kuanzia bega mpaka mapajani, mlio wake ukaenda hadi chumba cha dawa, akalitupa gauni lile sakafuni na kujivuta shuka mpaka kidevuni.

"Sigeuki. Sipimwi kiuno. Hakuna kiganja. Naumwa! Nitoeni hiki kidole!"

Mumewe alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuisikia. "Kumbe anayo," alisema.

Kilichofuata kilikwenda upesi, kwa sababu kila mtu aliona aibu, na mtu akiona aibu hukimbilia kile anachokijua. Daktari akaenda kunawa. Sista Mkuu akavua ufunguo mmoja shingoni, akautazama kama anayeaga mwanawe, akampa muuguzi mdogo akalete shuka safi na vifaa. Umeme ukakatika kama kawaida yake, na jenereta ikanguruma kabla mtu hajaguna. Bwana Bima alikwenda dirishani akapiga simu moja, sauti ya chini, akarudi amefunga kitabu. "Mpelekeni ndani. Nimewaambia ni mtu. Wamekubali."

Mwalimu hakuwa na la kufanya, basi akaketi koridoni na mume, akamshika mkono, akamfundisha milima yote inayotoa moto duniani. Mume hakusikia hata mmoja. Ila hakuuachia mkono.

Operesheni ilikwenda salama. Mama Pindo alipozinduka, kidole hakipo, na neno jipya lilikuwa bado mdomoni, tamu kama pipi. Sista Mkuu akamuuliza kama anasikia maumivu. Hapana. Mume akamuuliza kama angependa maji. Hapana. Mzee wa kitanda cha pili akamuuliza kama mkoromo wake utamsumbua.

"Hapana," akasema, kisha akafikiri. "Yaani, ndiyo. Lala upande."

Kamati ilikutana Jumanne kando ya kitanda chake, kwa sababu kwingine angekwendaje. Gauni liliwekwa mezani. Wote walilitazama kama watu walioshiriki kumchagulia mtoto jina baya.

"Kola?" Mwalimu akajaribu.

"Hapana, Mwalimu. Utapata mfuko mmoja. Na dawa unameza zote."

Daktari akageuka. "Dawa zipi hamezi?"

Mwalimu akakohoa. Ikawa kesi nyingine, ndefu, na ikajulikana kwamba figo ya kushoto ilikuwa inauma wakati wote, na daktari akavuta kiti akamsikiliza mtu mzima, na uso wake, kwa mara ya kwanza. Walipomaliza, Mama Pindo alikuwa ameshaamua kidirisha kibaki kimoja, cha tumboni, na mgongo ufunikwe kwa pande mbili zinazopishana, na kamba ifungwe ubavuni.

"Kamba inataka mikono miwili," Sista Mkuu akasema.

"Wauguzi wako wana mikono mingapi?"

Sista akageuka kuangalia mlangoni. Yule muuguzi mdogo, mlangoni, alijikuta anaficha mikono yake nyuma.

Urefu ndio uliomchosha Msimamizi. Alipigana kiume. Mama Pindo akamwonyesha vile vidirisha vilivyofutwa, kwamba kitambaa chake kinatosha kuteremsha pindo chini ya goti; naye akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akakubali shingo upande. Kwa mara moja hiyo tu, maana siku hiyo hiyo alionekana anauliza kama matambara ya kudekia yanaweza kufumwa upya.

Bwana Bima alikuwa anapekua kitabu, uso ameuinamisha.

"Nini tena?" mume akauliza.

"Lipo," akanong'ona. "Lilikuwapo siku zote. Vazi la mgonjwa. Herufi V. Mimi nilikuwa natafuta kwenye G."

Hakuna aliyecheka. Ilihitaji nguvu, na Mama Pindo alikazana kuliko wote, maana kucheka kulikuwa kunamvuta kidonda. Ile tepu ya manjano akaomba arudishiwe, akaivaa shingoni.

Sio kwamba hospitali iligeuka paradiso. Mpaka leo daktari akimkuta mtu sokoni humuuliza habari za nyongo. Sista Mkuu alitoa ufunguo wa pili, wa tatu akashindwa. Mwalimu alivaa gauni jipya alipolazwa tena, akatembea korido nzima kwenda na kurudi, ingawa hakuna aliyemwita kupigwa picha, mpaka wauguzi walipomwomba apumzike. Lakini watu walilipenda lile gauni. Wengine waliondoka nalo nyumbani, na Msimamizi aliwafuata mpaka getini.

Mama Pindo aliporuhusiwa, mumewe alikuja kumchukua kwa lile toroli, gurudumu limetiwa mafuta kwa heshima yake. Njiani alikuwa mkimya mno. Mama Pindo alimjua.

"Umefanya nini?"

"Nimekusaidia kazi."

"Kazi gani?"

"Kuna mteja alikuja na suruali, zipu imekatika. Nikaona usije ukakuta kazi imelala."

Dukani aliiona suruali imetundikwa mbele, imenyooshwa vizuri, pasi imepita. Akaishika zipu. Haikwenda juu wala chini. Akaisogeza karibu na macho. Meno yote, kuanzia chini mpaka kiunoni, yalikuwa yameungwa kwa risasi, ile ya kuungia nyaya za redio, inang'aa, nadhifu, bila tone lililotoka nje ya mstari.

"Haitakatika tena," mume akasema kwa unyenyekevu.

"Na mwenyewe ataivaaje?"

Mume alifikiri. "Hilo sikuulizwa."

Mama Pindo akashika tumbo kwa mikono miwili, akaketi kwenye kigoda, mabega yanatikisika. "Toka," akasema huku machozi yanamtiririka, "toka usinichekeshe, mshono utafumuka!" Mume akatoka, akasimama nje ya mlango, naye anacheka peke yake barabarani. Ndani, mkewe alijifuta macho, akavuta taa karibu, akachukua kisu kidogo cha kufumulia, na akaanza jino la kwanza.